Milimita saba hazitoshi

Msikilizaji, marijani nyekundu ya Bahari ya Mediterania, ile inayochongwa shanga huko Torre del Greco karibu na Napoli, hunenepa takriban robo milimita tu kwa mwaka. Kanuni za uvuvi wa bahari hiyo zinaruhusu kuvuna shina lenye kipenyo cha milimita 7 na kuendelea. Piga hesabu: karibu miaka 30.

Marijani huanza kuzaa ikiwa bado ndogo, ndiyo maana haijatoweka. Ila shina kubwa lenye matawi mengi hutoa viluwiluwi wengi kupita shina changa, na mvunaji analitafuta hilo hilo kubwa. Mwamba hubaki umejaa watoto. Mpiga mbizi anayepita harakaharaka atasema mambo ni shwari. Likija joto la maji linaloua marijani, kama la mwaka 1999 na 2003, wazazi wa kujaza pengo ni wachache.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zana za kukokota mwaka 1994, na baadaye uvunaji kwenye kina kisichofika mita 50 ukakatazwa. Hatua njema, hizo. Lakini kwa maoni yangu kipimo cha milimita 7 kinamfaa sonara kuliko bahari. Kiongezwe.