Dawa ya Uraibu Imfuate Mgonjwa Alipo

Msikilizaji, kijana wa mtaa wa Tuwan, Kitale, anayetumia unga, yaani heroini, akiamua leo kuacha, aanzie wapi? Wengi tutamwambia ajikaze, aombe, au familia ichange apelekwe rehab. Lakini arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikimshika, mifupa ikiuma, akitapika na kuharisha, usingizi umemruka, kujikaza pekee hakumfikishi mbali.

Dawa zipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Kenya ikafuata: hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi 2015. Mteja hufika dirishani, mhudumu humpimia dozi, naye huinywa papo hapo na kusema maneno mawili matatu ili ionekane ameimeza. Arosto hutulia kutwa nzima, na dozi ikishapangwa vizuri, haileweshi. Wapo wanaosema huko ni kumtoa mtu kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Nawajibu: aliyekuwa akiamka kusaka hela ya kete, sasa anaamka kwenda kazini.

Tatizo ni kufika dirishani kila siku. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Hata kliniki ingekuwa mji wa jirani, kibarua wa mjengo anayetakiwa kazini alfajiri atamweleza nini msimamizi wake kila asubuhi?

Hapa ndipo buprenofini inapofaa. Ni kidonge kinachoyeyuka chini ya ulimi, na hatari yake ya kukata pumzi ni ndogo kuliko ya methadoni. Daktari humwambia mgonjwa asubiri hadi arosto ianze ndipo atumie cha kwanza, maana akiwahi, dawa yenyewe itamletea arosto kali. Hali ikishatulia, anaweza kupewa cha kutumia nyumbani. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika katikati ya miaka ya 1990, na vifo vya kuzidisha heroini vikashuka sana. Marekani iliondoa sharti la kibali maalumu kwa madaktari mwishoni mwa 2022.

Sisi watu wa Kitale na Bungoma tunaijua njia hii ya kusogeza dawa karibu na mgonjwa. Mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya UKIMWI ulianzia Eldoret mwaka 2001, na dawa za ARV zikasogea hadi Kitale na Webuye. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kufa akarudi shambani. Huduma ilimfuata alipo, na aibu ikapungua.

Nikiri wazi: pombe ni janga kubwa mitaani kwetu, na dawa hizi hazitibu uraibu wa chang'aa. Hiyo si sababu ya kumwacha wa unga afe.

Wizara ya Afya iruhusu na kuelekeza buprenofini itolewe katika hospitali za kaunti. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ziwafunze madaktari na maafisa wa kliniki, zitenge chumba chenye faragha, na ziweke akiba ya naloksoni ya kumwokoa aliyezidisha. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti vikiitishwa, nenda. Simama uulize: dawa ya uraibu imetengewa shilingi ngapi? Wakikujibu kwamba haimo, dai iingizwe.