Kujitayarisha kwa Safari ya Baiskeli

Wasikilizaji wetu, sisi wakaao Temeke na Kinondoni tumezoea barabara tambarare za pwani, nasi hudhani kwamba miguu yetu imekwisha kuwa hodari. Lakini msafara wa baiskeli uitwao Twende Butiama, wa kumkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999, ni mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Na Butiama yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Asiyezoea kupanda atakuwa mzigo kwa wenzake njiani.

Basi, kila juma twende tukavipande vilima vya Pugu. Tunywe maji kabla ya kiu, tule kabla ya njaa, na tujue kutia kiraka mpira uliotoboka. Heri kushindwa Pugu, karibu na nyumbani, kuliko kushindwa mbali.