Nia, Matumaini na Maumivu
(Mada iliyotolewa katika darsa ya vijana, mwezi wa Ramadhani)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Mashekhe wetu, wazazi wetu, na nyinyi vijana wenzangu, nimepewa dakika kumi tu kwa hivyo sitazunguka sana. Swali langu ni moja: je, lile jambo mtu analolitaka moyoni linaweza kubadilisha maumivu ya mwili wake? Wataalamu wanasema ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ndio ninaotaka tuondoke nao hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Plasibo ni kitu anachopewa mgonjwa kama dawa na ndani yake hakuna dawa, kwa mfano kidonge cha sukari au sindano ya maji ya chumvi. La ajabu ni kwamba wagonjwa wengine hupata nafuu, hasa nafuu ya maumivu. Wengi wetu tukisikia hivyo husema, "Kumbe alikuwa akijifanya tu!" La, ndugu zangu, hakuwa akijifanya. Mwaka 1978 huko San Francisco, Marekani, watafiti Levine, Gordon na Fields waliwachunguza watu waliokuwa wameng'olewa magego. Wale waliopata nafuu kwa plasibo walipopewa naloksoni, yaani dawa inayozuia kazi ya mofini, maumivu yao yalizidi. Hii inaonyesha kuwa mwili wenyewe ulikuwa umetoa dawa yake ya maumivu, inayofanana na mofini, na naloksoni ikaizuia. Subhanallah! Dawa imo mwilini mwetu.

Sasa ni nini kinachoifanya dawa hiyo itoke? Watafiti wametaja mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni matarajio, mtu kuamini kwamba atapata nafuu. La pili ni hamu, yaani lile analolitaka na sababu ya kulitaka. Na hapa pana kisa cha daktari mmoja wa Marekani, Henry Beecher, aliyewatibu askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliona kuwa wengi waliojeruhiwa vibaya hawakuomba dawa ya maumivu. Mwaka 1956 alichapisha ulinganisho wake: kati ya askari waliojeruhiwa, asilimia 32 ndio waliotaka dawa ya maumivu, kati ya raia waliopasuliwa hospitalini, asilimia 83 waliitaka. Kwa nini? Beecher alieleza kwamba kwa askari, jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai na kurudi kwao. Kwa raia, kupasuliwa ni balaa lililomkatiza maisha yake. Wote wamekatwa nyama, lakini maana ya jeraha ni mbali mbali.

Mwaka 2013, Profesa Fabrizio Benedetti na wenzake wa Turin, Italia, walilijaribu jambo hili kwa watu wazima wa afya. Waliwafunga mkono damu isipite vizuri, kitu kinachouma sana. Kundi moja liliambiwa ukweli wa kawaida, kwamba litaumia. Kundi la pili liliambiwa kwamba maumivu yale yatawafaidi misuli yao. Hilo la pili lilivumilia muda mrefu zaidi. Walipopewa dawa za kuzuia zile kemikali za mwili, uvumilivu ule wa ziada ukapungua.

Hebu tujitazame sisi wenyewe. Kijana ambaye siku za kawaida saa nne asubuhi analalamika njaa, mwezi huu anafika Magharibi akitabasamu. Huo ni mfano wangu tu, sio utafiti. Lakini sisi tuliofunzwa madrasa tangu utotoni kwamba amali hutanguliwa na nia, jambo hili halitupi taabu kulielewa.

Ndio sasa tufike kwenye mpaka. Mwaka 2011 madaktari wa Boston waliwapa wagonjwa wa pumu dawa halisi ya kuvuta, na wakati mwengine plasibo ya kuvuta. Wagonjwa wenyewe walisema nafuu ni karibu sawa. Lakini pumzi zao zilipopimwa kwa mashine, dawa halisi ilikuwa imeziongeza kwa asilimia 20, na plasibo kwa asilimia 7 tu. Mmeona? Mgonjwa anahisi yuko sawa, na kifua bado kimebana. Huyo akikaa nyumbani kwa kuwa anahisi nafuu, yuko hatarini.

Kwa hivyo nina mambo matatu ya kuwausia.

Kwanza, mtu akipata nafuu kwa maneno mazuri au kwa kuliwazwa, tusimwambie kwamba maumivu yake yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli, na nafuu yake ni ya kweli.

Pili, tukienda kumzuru mgonjwa tumpe matumaini, lakini yawe ya haki. Mkumbushe watoto wanaomngojea na kazi anayotaka kuirudia. Usimtajie wale waliokufa kwa maradhi kama yake! Na usimdanganye kwamba amepona ndio aache vidonge.

Tatu, na hili ni la mwezi huu. Maumivu ni kengele. Nia inaweza kuipunguza sauti, lakini haizimi moto. Mwenye ugonjwa wa sukari akianza kutetemeka na kutokwa na jasho mchana wa Ramadhani, nia yake njema haiwezi kupandisha sukari yake. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Baba, mama, au wewe kijana mwenye maradhi, muulize daktari wako kabla ya kufunga, kisha muulize shekhe wako. Na sisi wa nyumbani tusimwone mgonjwa aliyefungua kuwa imani yake ni dhaifu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.