Mpira Ushikao Lami Yenye Maji

Malori yaingiayo mji wa Tunduma wakati wa masika husalimika pale ambapo uso wa tairi zake, uliokandwa kwa mpira na masizi maalumu, unashika barabara iliyolowa. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Michelin iliingiza sokoni tairi zenye silika, yaani unga laini wa madini ya mchanga, mahali pa sehemu kubwa ya masizi, mshiko ukazidi pasipo kuongeza gharama ya mafuta. Lakini silika, kwa tabia yake, hujikusanya mabonge na kuufanya mchanganyiko mzito kukandika, ndipo wataalamu wakatia silani, dawa iunganishayo silika na mpira kwa joto la kadiri ya nyuzi 150 za Selsiasi. Enyi madereva, kagueni kina cha mifereji ya tairi kabla ya mvua.