Biskuti Laini kwa Kipimo Kimoja

(Mazungumzo ya Kamati ya Mapishi, yaliyosomwa Tanga siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)

  

Tumeombwa tuzungumze kwa ufupi juu ya biskuti. Wengi wenu mmekwisha kuzila hapo nje kabla sisi hatujafungua mdomo, kwa hiyo hatuna haja ya kuzisifu. Tutaeleza tunavyozipika kwa ule unga wetu wa ndoo. Lakini mapishi haya hayaelezeki bila kusema jambo moja lililotupata, na kamati iliona lisiachwe nje ya kijitabu hiki, hata kama halitupambi.

Kwanza, unga wa ndoo ni nini? Ni unga wa ngano uliokwisha kutiwa beking pauda, chumvi na mafuta, ukawekwa tayari. Wenzetu Marekani wanaununua madukani tangu mwaka 1931, kampuni ya General Mills ilipoanza kuuza ule uitwao Bisquick. Sisi tunajichanganyia wenyewe. Siku moja tunakaa pamoja, tunapima, tunachanganya, tunagawana. Baada ya hapo mama mwenye mtoto mgongoni, aliyeamka saa kumi na moja na ana genge la kufungua, hana haja ya kupima vitu vitano. Anachota, anatia yai, sukari na siagi, anapika. Unga huohuo unafaa kwa biskuti, kwa keki ndogo, hata kwa chapati za maji. Ni akiba kama akiba nyingine: kazi umeifanya leo, faida unaichukua kesho.

Lakini hatukuanza hivyo. Mwaka wetu wa pili tulikopa kutoka mfuko wa kikundi, tukanunua unga mfuko wa kilo 25, sukari na mafuta. Si mnajua fedha za mfuko zinatoka wapi. Ni hisa za muuza samaki, za mwenye kufua nguo za watu, za bibi anayesuka ukili. Duka la shule moja lilikubali kuchukua biskuti zetu kila Jumatatu. Wiki tatu hazijapita, zikarudishwa. Ngumu! Tuliambiwa watoto wanazigongagonga kwenye madawati.

Wakati huohuo mweka hazina akapiga hesabu. Kilo 1 ya unga tulifundishwa kuwa ni vikombe 8, kikombe cha robo lita. Kilo 25 basi ni vikombe 200. Daftari la stoo lilionyesha vikombe 160. Vikombe 40 vimekwenda wapi? Hizo ni kilo 5 nzima. Na ufunguo wa stoo alikuwa nao mwenzetu mmoja tu.

Hatutamtaja, mwenyewe ameomba hivyo. Siku ile hakuna aliyetamka neno wizi. Tulisema, "Sisi tunauliza tu." Jamani, kuuliza kule, mbele ya kikao kizima, kulimuuma kuliko tusi. Hakujitetea. Aliweka ufunguo mezani, akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Na sisi, tuseme kweli, hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Ufunguo akapewa mwingine, ambaye ndiye aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Yumo katika kamati hii na ameturuhusu tuseme. Tukanunua mfuko wa pili. Ulipokwisha, tukahesabu daftari: vikombe 160. Kikao kizima kikawa kimya. Tukatazamana.

Ndipo mmoja wetu akaenda dukani kuazima mizani. Tukachota unga kama tulivyozoea siku zote: kikombe unakitumbukiza ndani ya mfuko, unakijaza, unashindilia kwa kiganja ili mteja asiseme umempunja. Tukaweka kwenye mizani: gramu 156. Kisha tukautikisa unga ukawa mwepesi, tukautia kikombeni kwa kijiko, tukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu bila kushindilia. Gramu 125. Kikombe ni kilekile! Piga hesabu mwenyewe: kilo 25 ukizigawa kwa gramu 125 unapata vikombe 200, ukizigawa kwa gramu 156 unapata 160. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Unga ulikuwa wote humo humo ndani ya vikombe tulivyokuwa tunavishindilia sisi wenyewe kwa viganja vyetu.

Na hapo hapo tukajua kwa nini watoto waligonga madawati. Kila kikombe kilibeba unga robo zaidi, na mafuta na yai ni yaleyale. Unga unakunywa majimaji yote, biskuti inakauka kama kigae. Kosa moja lilituharibia biskuti, na likatuharibia mwenzetu.

Tulikwenda kwake wote, siku ya Jumapili alasiri. Alitukaribisha, tukakaa mkekani, akatupa maji ya kunywa. Mama Mwenyekiti akaomba radhi kwa niaba yetu, kisha kila mmoja kwa mdomo wake. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema maneno machache tu: "Nilikuwa nangoja mpime." Tuliandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba hakuwa na kosa, tukasoma kwa sauti. Alirudi, lakini ufunguo hakuutaka tena, na hatukumlazimisha. Alikubali kusimamia upimaji. Mkopo tuliulipa, kwa kuchelewa. Lile duka lilichukua miezi kutuamini tena.

Basi sasa mapishi, kama tunavyoyafanya leo.

Unga wa ndoo:
– unga wa ngano kilo 1 (vikombe 8 visivyoshindiliwa)
– beking pauda vijiko 4 vya mezani, vya kusawazishwa
– chumvi kijiko 1 cha mezani
– mafuta ya mgando ya kupikia gramu 250

Chekecha unga, beking pauda na chumvi pamoja mara mbili. Tia mafuta, uyafikiche kwa ncha za vidole hadi unga uwe kama chenga za mkate. Tumia mafuta ya mgando, usitumie siagi ya mkebe hapa, maana siagi ina maji ndani yake na unga utaharibika upesi. Weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko wa kubana, andika tarehe. Kwa joto letu la Tanga tunaumaliza ndani ya wiki 4. Beking pauda nayo haipendi unyevu. Kabla ya kuitumia, tia kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, imekufa, usipoteze unga wako.

Biskuti, kama 30:
– unga wa ndoo vikombe 3 kasoro robo
– siagi nusu kikombe
– sukari kikombe 1
– yai 1
– asali kijiko 1 cha mezani
– iliki iliyotwangwa, au ganda la chungwa lililokunwa

Piga siagi na sukari hadi zilainike, tia yai, asali na iliki. Mwaga unga wa ndoo na ukoroge kwa mwiko mpaka ushikane tu. Usikande kama chapati! Ukikanda sana unga unavutika, na biskuti inakuwa ngumu. Weka kijiko kimoja kimoja kwenye sinia iliyopakwa mafuta, uache nafasi, maana zinatanuka. Iliki tunapata ya Amani, machungwa ya Muheza, kwa hiyo harufu ni ya kwetu.

Asiye na oveni asihuzunike. Wengi wetu tunaoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sinia ndani, mfuniko, na makaa ya kupalia juu. Jaribu moto kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye sinia tupu. Ukigeuka rangi taratibu, moto ni sawa. Ukiungua mara moja, punguza makaa. Mwenye oveni ya umeme aweke nyuzi 180.

Sasa siri ya ulaini, na hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya dakika 10 utafunua na kuona pembeni zimeshika rangi, katikati bado laini kama hazijaiva. Moyo utakuambia ongeza dakika tano. Usiongeze! Zitoe, ziache juu ya sinia lenye moto dakika 5, zitamalizia kuiva zenyewe. Anayengoja hadi ziwe ngumu ndani ya moto, zikipoa atakuwa na mawe. Asali nayo inasaidia, kwa sababu inashika unyevu. Zikipoa kabisa zitie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kipande cha mkate. Biskuti zitavuta unyevu wa mkate, na mkate ndio utakaokauka.

Ndugu zetu, tangu siku ya kwanza ya kikundi tumekuwa tukisema haba na haba hujaza kibaba. Tulilisema kila Jumamosi, lakini hatukuuliza kibaba ni cha nani na kinajazwa vipi. Sanduku letu la fedha tulilitia kufuli tatu na kuwapa watu watatu funguo, ili asiwepo mmoja wa kushukiwa. Unga tukamwachia mtu mmoja na kikombe kisicho na kanuni, kisha tukamuuliza yeye. Leo tuna mizani yetu, tuliyonunua kwa faida ya biskuti. Inakaa pembeni ya sanduku, na mwanachama yeyote, wa hisa moja au wa hisa ishirini, ana haki ya kuomba kipimwe chochote mbele yake. Hatuoni haya kupima. Tunaona haya tulipokisia.

Mwenzetu yupo nasi hapa leo, amekaa safu ya pili, na ndiye aliyepima unga wa biskuti mnazokula.

 Karibuni, chai ya tangawizi ipo.