Kipya Kinyemi, Lakini Reli ya Zamani Bado Ina Kazi



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya reli zetu, na nitaanza na hiyo mpya, maana ndiyo iliyo midomoni mwa watu.

Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Imejengwa kwa mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa. Aliyezoea kukesha njiani, sasa hutoka Dar es Salaam asubuhi na chakula cha mchana akala Dodoma. Hilo ni jambo la kujivunia, wala sitalibeza.

Lakini jirani na hiyo mpya ipo reli ya zamani, yenye upana wa mita moja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika 1928, enzi za Waingereza. Wapo wanaosema kwamba sasa tuiache ijifie.

Mimi nasema hapana, na sababu yangu si mapenzi ya vitu vya kale. Reli haiuawi na uzee, huuawa na kutelekezwa. Kokoto zikipungua, mataruma hulegea. Mataruma yakilegea, treni hulazimika kwenda kwa kunyata. Treni ikichelewa, mfanyabiashara huhamishia mzigo wake kwenye lori. Mapato yakishuka, fedha za kununulia kokoto nazo hukosekana, na tunarudi pale pale tulipoanzia.

Tumejaribu dawa nyingine. Mwaka 2007 reli hii ilikodishwa kwa mwekezaji kutoka India, na baada ya miaka michache Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mwenye reli alibadilika, kokoto hazikujiongeza.

Dawa yenyewe tunayo, na tumeiona ikifanya kazi. Njia ya Moshi ilikaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria, majani yakaota juu yake. Ikakarabatiwa. Desemba 2019 watu wakapanda treni Dar es Salaam wakashuka Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha.

Na hapa hatuzungumzii biashara tu. Juni 24, 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Anayeona matengenezo ni gharama ya ziada, akumbuke hesabu hiyo.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wakubwa wetu. La kwanza: tangu mwaka 2015 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Sehemu ya fedha hizo itengwe kwa matengenezo ya reli ya zamani, na isiguswe kwa shughuli nyingine. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambacho mafuriko yamekisomba mara nyingi, kiwe cha kwanza.

La pili: mafundi wazee wa karakana wasiachwe waondoke na ujuzi wao. Vijana wa chuo cha reli cha Tabora wakae nao, waone jinsi nati inavyokazwa na breki inavyokaguliwa. Treni ya umeme nayo ina breki.

Maana hiyo mpya tunayoishangilia nayo itazeeka. Tukizoea kutupa cha zamani kila kipya kinapokuja, tutakopa tena, tutajenga tena, na wajukuu wetu watalipa deni la reli mbili mbovu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi ukuta huu tumeujenga kwa fedha nyingi mno.