MAJI YA MVUA NA NYUMBA ZA MAWE ZA MJI MKONGWE

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa mjini, kuhusu matayarisho ya msimu wa Masika)



Ifikapo mwezi wa Machi mvua za Masika huanza, na huendelea hadi Mei. Mvua za Vuli nazo huja baina ya Oktoba na Disemba. Katika misimu miwili hiyo ndipo nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zinapodhihirisha ni ipi iliyotunzwa na ni ipi iliyoachwa. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza namna maji yanavyoiharibu nyumba ya mawe, nini kifanywe kabla ya mvua, na nini kifanywe pale maji yanapokuwa yameshaingia, iwe ni nyumba ya kuishi, duka au ofisi.

Jambo lenyewe si dogo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha yao. Jumba lile lilitazamwa na kila apitaye Forodhani. Nyumba ya kawaida iliyo ndani ya kichochoro haina wa kuitazama ila wale wanaoishi humo.

Ili kuyafahamu madhara ya maji, yafaa kwanza kuifahamu nyumba yenyewe ilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, na unene wake mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi. Sakafu za ghorofa hulazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hushindiliwa zege la chokaa. Hapo zamani nyumba nyingi zilikuwa na sakafu ya wazi juu kabisa. Baadaye zikaezekwa mabati juu ya sakafu hiyo kwa sababu ya kuvuja.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na hutoa maji. Chokaa ina matundu madogo mno, na unyevu ulioingia wakati wa mvua hutoka tena kwa mvuke pindi jua linapowaka. Kwa hiyo unyevu wa kupita tu hauiangushi nyumba. Kinachoiangusha ni unyevu usiopata njia ya kutoka, na maji yanayomiminika mahali pamoja siku baada ya siku. Udongo uliomo katikati ya ukuta hulainika na kuteremka, mawe yakaachana, na ukuta ukafanya tumbo. Boriti nayo huoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba inaweza kuonekana nzima kabisa, imepakwa rangi na inapendeza. Mchwa nao hufuata palipo na unyevu.

Maji mengi huanzia juu. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 50 hupokea lita 5,000, yaani tani tano za maji, nazo hutakiwa zote kupita katika mlizamu mmoja au miwili. Mlizamu ukiziba kwa majani, mifuko ya plastiki au vijiti vya kunguru, tani zile hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ukuta. Kazi ya kuuzibua ni ya saa moja kwa mtu mwenye ngazi. Hata hivyo ndiyo kazi isiyofanywa, na sababu yake inajulikana.

Nyumba moja yaweza kukaliwa na familia nne au tano. Anayekaa chini hapandi juu. Anayekaa juu huona kuwa paa ni la mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, awe ni mtu binafsi, Kamisheni ya Wakf au Serikali yenyewe, hungoja kupelekewa taarifa. Matokeo yake ni kwamba paa la watu wote huwa halina mtu. Haitakuwa haki kumlaumu mpangaji peke yake, kwani apokeaye kodi ana wajibu wa kuijua hali ya nyumba yake kabla ya kuambiwa, na ofisi ya Serikali yenye nyumba haina udhuru zaidi ya mtu binafsi. Lakini pia si sawa familia iliyoliona bati limenyanyuka tangu Vuli ikae kimya hadi Masika kwa kuwa maji hayajafika chumbani mwake. Katika nyumba za namna hii inashauriwa wakaazi wakubaliane mapema nani atapanda, nani atachangia, na taarifa ipelekwe kwa mwenye nyumba kwa maandishi, nakala ikabaki nyumbani.

Yapo pia maji yanayotoka ndani. Tangu maji ya mabomba yaletwe mjini katika zama za Sayyid Barghash, vyoo na bafu vimeongezwa katika vyumba ambavyo havikukusudiwa kwa kazi hiyo. Bomba linalovuja polepole nyuma ya ukuta hudhuru kuliko mvua, maana mvua hukatika na bomba halikatiki. Aidha, matangi ya plastiki yamewekwa juu ya sakafu kongwe bila ya kupimwa uzito. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na likivuja, uzito huo hukalia boriti zinazolainika. Tangi liwekwe juu ya makutano ya kuta nene, kwa ushauri wa fundi anayezijua nyumba hizi, wala si katikati ya chumba.

Sasa ni kuhusu saruji, na hapa pana kosa linalofanywa kwa nia njema. Mwenye nyumba akiona lipu imemomonyoka na chumvi nyeupe imetokeza, humwita fundi, naye huibandua lipu ya chokaa na kupiga ya saruji. Ukuta huonekana mpya, na kila apitaye husifu. Lakini saruji haipumui kama chokaa. Maji yaliyopenya kwenye ufa mdogo, au yaliyopanda kutoka ardhini, hufungika ndani, na baada ya misimu michache lipu ile hubanduka vipande vizima pamoja na mawe yake. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo. Methali ya ufa na ukuta inajulikana na wote. Katika nyumba hizi, ufa ukizibwa kwa saruji ukuta huja ukajengwa vilevile. Kinachofaa ni chokaa iliyozimwa vizuri na kuachwa ikaiva, ikachanganywa na mchanga usio na chumvi, kiasi cha fungu moja kwa matatu. Mchanga wa pwani usitumike.

Kwa wafanyabiashara, khasa wa Darajani na sehemu nyingine za chini ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari, maneno ni machache. Bidhaa zisikae sakafuni wala zisiegemezwe ukutani. Ziwekwe juu ya vichaga ili hewa ipite. Mchele, mahindi au njugu zilizorowa kisha zikaota ukungu zisianikwe na kurejeshwa dukani, kwa kuwa sumu ya ukungu haiondoki kwa jua wala kwa kupikwa. Hasara ya gunia ni nzito, lakini gunia hilo halina bei tena.

Watumishi wa Serikali nao wana amana kubwa zaidi, nayo ni majalada. Jalada lililorowa lisianikwe juani, kwani karatasi hukakamaa na wino huchuja. Liwekwe kivulini penye upepo, kurasa zikitenganishwa kwa karatasi kavu zinazobadilishwa mara kwa mara. Kazi hii ianze siku hiyo hiyo, maana ukungu huweza kuota baada ya siku mbili tu. Panapokuwa na majalada mengi, waombwe ushauri wataalamu wa Nyaraka waliopo Kilimani kabla hayajaguswa. Makabati yaliyogusana na ukuta wa nje yasogezwe, hata kama ofisi itaonekana imebana.

Maji yakishaingia ndani, la kwanza ni kuzima umeme kwenye swichi kubwa, iwapo inafikika pasipo kukanyaga maji. Isipofikika, liitwe Shirika la Umeme. La pili ni kuangalia juu. Dari iliyoshuka, boriti iliyotoa mlio, mlango uliokuwa ukifunguka jana na leo umekwama, au ufa unaopanuka, ni dalili za kuwatoa watu chumbani humo na katika chumba kilicho chini yake, na kumjulisha Sheha pamoja na Mamlaka ya Mji Mkongwe bila ya kungoja asubuhi. Watu wasirudi kuchukua vyombo. Nyumba inayoonekana salama ifunguliwe madirisha na iachwe ikauke yenyewe. Ukuta mnene hukauka kwa miezi, na fundi anayeahidi kupiga lipu wiki ijayo asikubaliwe.

Ukarabati wowote ndani ya eneo la hifadhi unahitaji kibali cha Mamlaka hiyo, ambayo ipo tangu mwaka 1985, na maombi yanayopelekwa mvua ikiwa imeshaanza huwa yamechelewa. Wakati unaofaa ni Januari na Februari, miezi ya Kaskazi, mapaa yakiwa makavu na mafundi wakipatikana. Chokaa mbichi ikikutwa na mvua ya Machi kabla ya kushika, huoshwa yote na kuteremka kichochoroni.